Msomi Mmoja na Kipe cha Bilali

Siku aliyokuja mara ya mwisho, barazani kwangu hapa Katubuka tulikuwepo watu hawa. Mimi mwenyewe, mjane wa Yahya. Binti yangu Hidaya, ndiye aliyepika siku ile. Mama Joni, jirani yangu, Muha wa Simbo, yeye Mkristo mimi Mwislamu, na tumezikiana watu. Bi Mwasiti, mtoto wa dada yake mama mkwe wangu, kwa hiyo kwa mgeni wetu alikuwa kama dada. Shabani Mrefu, mvuvi wa zamani kijijini kwetu, mgongo umeshapinda na bado tunamwita Mrefu. Na kwenye kiti cha kamba, karibu na mlango, mzee Ntahondi, ambaye macho yalikuwa yameshamwisha. Hidaya ndiye aliyekwenda kumshika mkono akamleta. Ntahondi si ndugu yangu kwa lolote. Zamani alikuwa nahodha. Mkumbukeni huyo, nitamrudia.

Na alikuwepo yeye, mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, mtu wa kwanza wa kijiji chetu kwenda chuo kikuu. Jina lake sitaliandika. Si kwamba nimelisahau. Mimi majina ya watu sisahau, naweza kukutajia waliosimama jikoni siku ya harusi yangu, na nani aliunguza wali. La kwake silitaji kwa makusudi, na sababu yake mtaiona mkifika. Kijijini tulimwita Msomi, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Amekufa huko Dar es Salaam, na vijana wa chuo walikuja hapa kuniuliza habari zake ili waandike sifa. Nikawapa chai. Nikawaambia, nitaandika mwenyewe.

Kijiji chetu kipo kaskazini, ukishaipita Mwamgongo kwa boti. Nyuma mlima, mbele ziwa, katikati nyumba zetu na mchanga wa kuanikia dagaa. Miaka ile ya uhuru bado mbichi, mtoto akitoka kijijini kwenda kusoma Ujiji tu, watu walimsindikiza hadi mwaloni, ufukweni pale vyombo vinapofika. Huyu alipanda treni Kigoma akaenda Dar es Salaam, na likizo ikifika anarudi amevaa suruali yenye mstari uliopigwa pasi, anashuka kwenye boti ameinua viatu mkononi. Mama mkwe wangu, Bi Mwamini, alikuwa akitembea siku hizo kama yeye ndiye amesoma.

Siku moja alimuuliza mbele yetu, tunachambua dagaa, "Mwanangu, kwani huko wanakufundisha nini?"

"Elimu ya jamii, mama."

"Ndiyo nini?"

"Jinsi watu wanavyoishi pamoja. Nani anamtegemea nani, nani ana nguvu, mila zinafanya kazi gani."

Bi Mwamini akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Na hao watu wenyewe wanajua kwamba wanasomwa?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake mojawapo, kicheko chake kilichelewa. Mtasema jambo la kuchekesha, nyote mtacheka mpaka mchoke, yeye amekaa tu kama ukuta. Baadaye, jambo limeshapita, watu wanazungumza habari ya homa ya mtoto, utamsikia anacheka peke yake huko nyuma ya nyumba. Mume wangu Yahya alikuwa akisema, "Acha, ndiyo imemfikia." Bi Mwamini naye, akiulizwa na majirani kijana anasomea nini, alijibu anasomea udaktari, ila wa watu wote kwa mpigo.

Maswali yake sasa. Alikuwa anainamisha kichwa upande wa kushoto, anashika ncha ya sikio, anauliza kama mtu asiyejua, na ni mambo ambayo amezaliwa nayo. Alinikuta jikoni.

"Shemeji, kwa nini unampikia kaka?"

"Kwa sababu ana njaa."

"Na asingekuwa na njaa?"

"Ningekupikia wewe, labda ungenyamaza."

Akaandika. Wallahi, akaandika! Nilikuwa natania, ananiandika. Hata mama yake mzazi yeye alimwita mtoa habari. Nilimsikia mwenyewe akimwambia rafiki yake wa chuo aliyekuja naye likizo moja, "Mtoa habari wangu mkubwa ni huyu mama." Nikamwangalia Bi Mwamini anavyojipunguzia minofu ya samaki, mgebuka, amwekee mwanawe, nikasema moyoni, haya, mtoa habari, endelea kutoa.

Alikuwa na neno lake alilolirudia: "Tusilihukumu, tulielewe." Mtu kampiga mkewe, tusilihukumu, tulielewe. Mwizi wa nyavu kakamatwa, tusilihukumu, tulielewe. Mwanzo nililipenda neno hilo. Nilidhani ni huruma.

Nisiseme uongo, alikuwa na mema. Alichota maji. Mwanamume, tena wa chuo, anapanda njia ya mtoni na ndoo kichwani, wanaume wanamzomea, "Bibi harusi huyo!" na yeye anapita. Alifua nguo zake. Hakuwahi kuniamuru chochote. Na mtoto wangu wa pili alipokufa, Ramadhani, hajafikisha hata kutambaa, yeye ndiye aliyechimba kaburi na Yahya, udongo wa kule ni mawe matupu, viganja vikamtoka malengelenge. Nilimbariki siku ile.

Lakini matanga hayajaisha, nimekaa mkekani sina nguvu ya kuinua kichwa, akaja akachuchumaa karibu yangu, akainamisha kichwa, akashika sikio. "Shemeji, nimeona wanawake waliokaa upande wa ukutani hawakulia kwa sauti, wa upande wa mlango ndio walilia. Kuna utaratibu?"

Nilimwambia aondoke. Akaondoka bila kukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Mtu huyo huyo, viganja vile vile vyenye malengelenge ya kaburi la mwanangu.

Na herufi hizi ninazoandika ni zake. Mimi shuleni sikwenda. Serikali ilipoanzisha kisomo cha watu wazima, yeye ndiye aliyetufundisha likizo nzima, pale kwenye godauni, ubao ni mlango uliopakwa masizi. Alikuwa mwalimu mvumilivu. Bi Zaituni alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza, yeye alipiga makofi kama mtoto. Basi mkiona naandika kwa hasira, mjue kalamu alinishikisha mwenyewe.

Sasa nimemtaja Zaituni.

Zaituni binti Sefu alikuwa mjane wa Bilali. Bilali alikuja kijijini kwetu akiwa kijana kutoka ng'ambo, Kongo, hana baba hana kaka upande huu wa ziwa. Wakaoana, wakafanya kazi mpaka wakapata kipe. Asiyejua kipe nimweleze: ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati, karabai zinawaka, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa. Bilali alichonga mitumbwi. Nyavu na karabai ni dagaa wa Zaituni waliouzwa Ujiji, mzigo baada ya mzigo. Kisha Bilali akafa, akamwacha na watoto wadogo.

Kwetu mwanamke hagusi chombo cha kuvulia. Haingii, hakivuki, hata kamba yake haikanyagi, wavuvi wanasema ziwa litafunga. Sasa mwanamke atakuwaje mwenye kipe? Na wanaume wazima watasemaje kwamba wanatumwa na mwanamke? Kwa hiyo kijiji kikapata njia yake, hakuna aliyekaa kikao kuipanga, ilitokea tu. Kipe kikabaki cha Bilali. Bilali akaendelea kuwa mwenye chombo kana kwamba amelala tu ndani.

Alfajiri wakirudi, Ntahondi nahodha anapanda hadi uani kwa Zaituni. "Mwakeye, Bi Zaituni. Mpelekee mzee salamu, leo ziwa limetoa."

"Atazipata."

Au, "Mwambie mzee wavu umechanika upande wa mashariki."

Zaituni anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka. "Mzee anasema mshone leo hii. Na anasema Kabwe asipande tena akiwa amekunywa."

Kabwe ndiye aliyekuwa mcheshi wao. "Loo! Bilali alipokuwa hai alikuwa ananipa na mimi kidogo. Huko alikokwenda wamemharibu."

"Anasema amekusikia," Zaituni anamjibu.

Ndivyo tulivyoishi, miaka. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema, na watoto wa Zaituni walikula. Katika kijiji kizima hakuna aliyeijua habari hiyo vizuri kuliko Msomi. Alikuwa hatoki uani kwa Zaituni. Anakula dagaa wake wa kukaanga kwa mawese, anauliza, Zaituni anamweleza. Alimweleza yote, mimi nilikuwepo, nikimsaidia kukoroga. Karabai ya kwanza aliinunua wapi, wavu upi ni wake, na kwamba akiingia ndani "kumuuliza mzee" anakaa kitandani kufikiri. Zaituni alimwambia kwa sababu ni mtoto wetu. Nani anamficha mtoto wa nyumbani?

Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Redio zinaimba, watu wanahamishwa kutoka mlimani, na kwetu ikaja habari kwamba uvuvi utakuwa wa pamoja. Akaja Bwana Katibu kwa boti kutoka mjini, mtu mnene mwenye miwani, si mbaya, ana haraka tu. Msomi alikuwa likizo, na Katibu alifurahi mno kumkuta. Akamkalisha karibu yake, kiti kwa kiti.

Mkutano ulifanyika mwaloni, mchana, jua kali, wanaume wamesimama kwenye vyombo, wanawake tumekaa mchangani. Katibu akaeleza. Kila mwenye chombo aseme ni chake, jina liandikwe, atabaki mshirika na fungu lake litalindwa. Chombo kisicho na mwenyewe kitakuwa cha kijiji. Ikaeleweka. Wakaanza kutaja. Hamisi Ruhomvya akasema changu, akaandikwa. Baba yake Mwasiti akasema changu, akaandikwa. Ikafika zamu ya kipe.

"Hiki cha nani?"

Ntahondi akavua kofia. "Cha Bilali."

"Bilali yuko wapi aje?"

Wanaume wanatazama miguu yao.

Kabwe akasema, "Leo hayupo, mzee."

"Atarudi lini?"

Watu wa nyuma wakaanza kucheka, wanajizuia. Shabani Mrefu akaona mambo yanakwenda vibaya, akasema, "Bwana Katibu, Bilali alishafariki."

"Amefariki lini?"

"Zamani."

Katibu akavua miwani. "Sasa nyinyi mnanifanyia mchezo? Chombo ni cha maiti?"

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Zaituni. Nikamsukuma ubavu. Simama. Akasimama. Mimi sijamwona mtu akisimama polepole namna ile. Akasema, "Ni changu."

Katibu akamgeukia Ntahondi. "Ni cha huyu mama?"

Na hapa ndipo wanaume wetu walipokosea kosa ambalo ni wao tu duniani wangeweza kulifanya. Ntahondi alidhani anamheshimu. Alidhani akisema ndiyo, amemvua Zaituni nguo mbele za watu, mwanamke mwenye chombo, na ameivua heshima yake mwenyewe, na ziwa limesikia. Kwa hiyo akasema kama anavyosema kila alfajiri uani kwake, kwa sauti ya adabu kabisa: "Sisi tunafanya kazi kwa Bilali."

"Umesikia, mama," Katibu akasema. "Kaa."

Zaituni hakukaa. Alimtazama Msomi. Sote tulimtazama Msomi. Hata Katibu alimgeukia. "Bwana mdogo, wewe umewasoma watu hawa. Hiki ni cha nani?"

Neno moja tu lilitakiwa. Alikuwa nalo. Alikuwa amelila na mawese.

Akasimama, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akashika sikio. Akasema, "Ndugu Katibu, katika jamii hii mwanamke hamiliki chombo cha uvuvi. Mila yao inamtambua marehemu kama mwenyewe."

Yao! Mama yake Bi Mwamini amekaa palepale mchangani, anasema yao.

Katibu akashukuru, akasema ndiyo faida ya elimu. Kipe kikaandikwa cha kijiji. Wapo waliopiga makofi, sitawataja, walipiga kwa sababu wengine walipiga. Zaituni akajifunga kanga vizuri, akaondoka, hakupita karibu na chombo hata siku hiyo ambayo hakikuwa chake tena.

Asubuhi yake nilimkuta Msomi mwaloni anasubiri boti, viatu mkononi. Sikumsalimia.

"Kwa nini hukusema?"

"Shemeji, nilisema. Nilisema kilicho kweli kuhusu mila."

"Ulikula kwake."

"Ndiyo, na nilimshukuru. Shemeji, kazi yangu si kuingilia. Mtu wa taaluma yangu akianza kuchukua upande, haoni tena."

"Na kukaa kiti kwa kiti na Katibu si upande?"

Akahamisha viatu mkono wa pili. Kisha akasema, "Tusilihukumu, tulielewe." Nilimrushia mchanga. Mimi mke wa kaka yake, mtu mzima, nilichota mchanga nikamrushia kwenye ile suruali ya mstari. Akajikung'uta. Boti ikaja, akapanda.

Nimefikiri miaka yote kwa nini alifanya vile. Wengine wanasema alimwogopa Katibu. Yahya, ambaye alimpenda mdogo wake, alisema alibabaika. Mimi nadhani alikuwa ameshaandika kwenye masomo yake kwamba wanawake wa ziwani hawana kitu, na Zaituni akisimama anasema changu anamharibia. Lakini sijui. Kama angekuwa mjinga ningemsamehe. Mjinga alikuwa Katibu, na simchukii.

Kipe cha kijiji kilikuwa cha kila mtu, na wavu ukichanika hakuna mzee wa kuambiwa. Ntahondi alivua nacho kidogo, akawa anapanda asubuhi mpaka nusu ya njia ya uani kwa Zaituni kwa mazoea, anakumbuka, anarudi. Mwisho chombo kikalala mchangani, jua likapasua mbao. Zaituni alichukua watoto akahamia Simbo, akalima muhogo kwenye mashamba ya watu, mwanamke ambaye mikono yake ilijua nyavu na chumvi. Nilikuwa nikienda kumtazama. Hakuwahi kumtaja Msomi kwa ubaya mbele yangu. Siku moja tu aliniambia, "Nilimfundisha mwenyewe njia ya kuingilia ndani kwangu." Alifia Simbo, na mimi ni miongoni mwa waliomwosha.

Msomi akarudi likizo iliyofuata amefurahi. Chuoni walimsifu, na wakataka akimaliza abaki afundishe wengine. Akatukalisha mimi na Yahya atusomee kidogo aliyoyaandika kuhusu kwetu, anatufasiria kutoka Kiingereza. Akafika mahali akasoma, "Mjane mmoja wa makamo, katika kijiji kimoja cha kaskazini."

Nikamuuliza, "Mjane gani?"

"Hatuandiki majina, shemeji. Ni adabu ya kazi yetu. Tunawalinda watu wasidhurike."

Yahya alinishika mkono, alijua. Nikamwambia, "Jina umelilinda."

Basi mmeshaelewa. Na yeye hapa ni msomi mmoja, wa makamo, wa kijiji kimoja cha kaskazini. Nimemlinda.

Yeye akawa mtu mkubwa, akafundisha, akasafiri Ulaya. Sisi na Yahya tulihamia Katubuka, Yahya akapata kazi bandarini, mimi nikafanya biashara ya dagaa sokoni Ujiji. Nyumba hii niliijenga kwa dagaa. Matofali nimesimamia mimi, udongo nimekanyaga mimi na Hidaya, na mimba ya mdogo wake tumboni mwangu, na Yahya mwenyewe, akiulizwa anakaa wapi, alikuwa akijibu, "Kwa Mama Hidaya." Watu walimcheka, yeye hakujali. Nadhani naye siku ile ya mwaloni ilimkaa moyoni.

Yahya alipofariki, mdogo wake alichelewa maziko, treni ilikwama njiani. Alifika watu wa mbali wameshatawanyika. Mvi kichwa kizima, miwani minene kama ya yule Katibu. Alilia. Alilia kweli, machozi ya mtu aliyefiwa, na Hidaya akamletea maji anawe uso. Nilitaka nimwonee huruma, na kidogo nilimwonea.

Akala. Akakaa barazani na hao niliowataja mwanzo. Akaomba watu wasiondoke, kuna jambo. Akainamisha kichwa upande wa kushoto. Nilipoona mkono unapanda kwenye sikio, nikajua swali linakuja.

"Shemeji, pole sana. Sasa kabla sijarudi, tuzungumze habari ya nyumba ya marehemu."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kaka."

"Na kaka yako umemuuliza? Anasemaje?"

Shabani Mrefu akaziba mdomo kwa kofia. Bi Mwasiti akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mama Joni hakuijua habari ya kipe, lakini alicheka kwa kuona wengine wanacheka. Mgeni hakucheka.

"Mimi sikuja kugombana, shemeji. Nataka kuelewa tu mambo yamekaaje, ndugu wote wajue. Kwa mila zetu, mali ya marehemu..."

"Leo zimekuwa zetu?"

Akashusha mkono kutoka sikioni. Nikamwambia, "Unataka kuelewa, basi elewa. Nyumba hii ni yangu." Nilisema nimekaa, sikusimama, kwa sababu nilimkumbuka Zaituni alivyosimama. Lakini niliogopa. Nilijua jinsi neno la mwanamke linavyoanguka chini wanaume wakitazama miguu yao. Bila nyumba hii nilikuwa naenda wapi? Simbo?

Na hapo, hakuna aliyemuuliza, kutoka kwenye kiti cha kamba, mzee Ntahondi akasema, "Ni yake."

Alivua kofia kama alivyoivua mwaloni. Macho haoni, anaelekeza uso pale anapodhani Msomi amekaa, na kwa kweli alikuwa anauelekeza kwenye nguzo. "Nyumba ni ya huyu mama, mimi nilimwona akiijenga nilipokuwa bado naona. Na kile kipe kilikuwa cha Zaituni. Mimi nilikuwa mtu wa Zaituni, alinituma na nikatumika. Andika na hilo, wewe unayeandika."

"Ni yake," akasema Shabani Mrefu.

"Ni yake," akasema Bi Mwasiti, damu ya Msomi mwenyewe.

Mama Joni akasema, "Mimi ndiyo kabisa, ukuta wake ndio wangu."

Msomi alimaliza maji yake. Akaweka kikombe chini vizuri, kama mgeni. Aliniaga kwa adabu zote, na habari ya nyumba hakuitaja tena mpaka akafa. Hidaya alimsindikiza hadi barabarani. Anasema walipofika kwenye kona, baba yake mdogo alisimama, akacheka peke yake, akarudia, "Anasemaje," kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu. Hidaya alinieleza ili nilainike. Sikulainika. Kicheko chake kilimfikia yeye, Zaituni alishazikwa, hakikumfikia.

Ndivyo ninavyokumbuka. Kama nimekosea jina la mtu, au nimemweka mtu mahali asipokuwepo, wapo bado waliokuwa mwaloni siku ile, na wapo wajukuu waliosimuliwa. Labda Kabwe alikuwa amelala na aliyejibu ni mwingine. Labda suruali haikuwa na mstari. Njooni mnisahihishe, sitakasirika, nitawapa chai. Hamna haja ya kuuliza sana njia. Nipo hapa Katubuka, nyumbani kwangu.